Gari inajaribiwa Kavimvira, lakini inahukumiwa Ngomo

Saa nne ya asubuhi, kwenye kona za Ngomo, gari iliyotutoa Uvira ilianza kutapika moshi mweusi kama wa tairi linaloungua. Shoferi akapunguza gia, akakanyaga zaidi. Moshi ukaongezeka, mwendo ukapungua. Kona mbili mbele, sindano ya joto ilikuwa imelala kwenye nyekundu na mvuke mweupe ulikuwa unatoka chini ya kapo. Konvayeri akaruka chini na jiwe mkononi, akaliweka nyuma ya gurudumu. Sote tukashuka.

Mama mmoja alikuwa na beseni la mukeke mbichi wa kuuza Bukavu, na barafu yake ilikuwa inayeyuka mbele ya macho yetu. Kijana mmoja alikuwa anampeleka baba yake hospitalini. Tulimkalisha mzee juu ya gunia, pembeni mwa barabara, tukamfunika kitenge kwa sababu ya vumbi. Shoferi, mtu wa heshima na mwenye miaka mingi barabarani, aliizunguka gari mara mbili, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Fundi aliiongezea moto wiki iliyopita tu. Kule Kavimvira ilikuwa inakimbia kama ndege."

Baada ya wiki mbili nilimpigia simu. Kulasi ilikuwa imepasuka. Gari ilikuwa bado iko juu ya mawe, nyuma ya nyumba ya mwenyewe, ikisubiri pesa.

Wengi wetu tukikwama Ngomo tunalaumu barabara, mvua, mzigo au mkosi. Mimi nasema kwamba mara nyingi ajali ya injini ya namna hii haianzii mlimani. Inaanzia Uvira, siku kadhaa kabla, mkononi mwa mtu mwenye bisibisi anayezungusha visi ya pompi kwa kukisia. Na ninasema pia kwamba injini yenye turbo haisamehe kukisia. Ama unapima kabla ya kuzungusha, ama uache ilivyo.

Mimi si fundi. Ni mwandishi wa habari. Lakini tangu siku ile nimekaa kwenye garaji nyingi, nimeuliza, nimesoma, na nimeelewa jambo moja: kinachofanyika ndani ya injini hizi si siri wala uchawi. Mwenye gari, shoferi na hata abiria anaweza kukielewa. Na akikielewa, hatakubali tena kila anachoambiwa.

Tuanze na turbo yenyewe. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hati ya uvumbuzi wa wazo hili: moshi unaotoka kwenye injini bado una nguvu, kwa hiyo utumike kuzungusha feni, na feni hiyo isukume hewa zaidi ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi yanaweza kuungua vizuri, na injini ndogo inatoa nguvu ya injini kubwa. Turbo ya gari ndogo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100 000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa mafuta ya injini.

Tazama vizuri mpangilio huo. Kwanza hewa, kisha mafuta. Turbo inaleta hewa, na mafuta yanaifuata. Shida yetu ni kwamba tunafanya kinyume: tunaongeza mafuta tukitumaini kwamba hewa itapatikana mbele ya safari.

Kwenye injini ya mazuti, kama ile 1KZ ya Toyota inayobeba Hiace, Surf na Prado nyingi huku kwetu, hakuna bujii. Mazuti yanajiwasha yenyewe kwa joto la hewa iliyobanwa. Mchezo wote uko kwenye mambo mawili: mazuti kiasi gani yanaingia, na yanaingia saa ngapi. Kwenye pompi za zamani zisizo na kompyuta, kuna visi inayoamua kiasi cha juu kabisa cha mazuti. Juu ya pompi kuna pia kifaa chenye utando wa mpira. Kazi yake ni kusubiri presha ya turbo ifike ndipo kiruhusu mazuti zaidi. Na pompi yenyewe ikizungushwa kidogo mahali pake, mazuti yanaingia mapema au yanachelewa. Kiwanda hupima kuchelewa huko kwa mia za milimita, kwa saa maalumu ya kupimia. Huku kwetu mara nyingi tunapima kwa sikio.

Fundi akizungusha visi ile, gari inapata nguvu kweli. Tuseme ukweli, kwa sababu hapo ndipo mtego ulipo. Shoferi anatoka garajini, anaelekea Kavimvira na Kiliba, barabara tambarare, gari tupu, na anacheka peke yake. Analipa kwa furaha. Anamsifu fundi kwa wenzake.

Lakini Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya bahari. Ziwa Kivu liko mita 1460. Kati ya maziwa hayo mawili gari inapanda karibu mita 690, na sehemu kubwa ya kupanda iko baada ya Kamanyola. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito. Uvira presha ya hewa ni kama 91 kwa mia ya ile ya pwani ya bahari. Bukavu ni kama 84 kwa mia. Maana yake, injini inayofika Bukavu inavuta hewa pungufu kwa karibu 8 kwa mia kuliko ilivyokuwa inavuta Uvira. Turbo inajitahidi kufidia upungufu huo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, lakini haifidii wote.

Sasa ongeza mzigo. Ongeza abiria 14, magunia juu, na kona ambazo zinakulazimisha kwenda polepole. Injini ikizunguka polepole, moshi ni mdogo, turbo haijapata nguvu ya kusukuma hewa. Lakini visi imeshafunguliwa, mazuti yanamwagika. Hewa ni kidogo, mazuti ni mengi. Yale yasiyopata hewa ya kuungua vizuri yanatoka kama moshi mweusi, na yanayoendelea kuungua kwa kuchelewa yanaipeleka joto lake kwenye valvu, kulasi na turbo.

Watu wengi wanadhani moshi mweusi ni dalili ya nguvu. Hapana. Moshi mweusi ni pesa yako ambayo haikuungua vizuri. Na nyuma yake kuna joto. Mafundi wanaotumia kipima joto cha moshi husema kwamba ukipanda mlima mrefu, joto kabla ya turbo lisikae juu ya digrii 700 hivi. Linganisha na hili: aluminiamu, ambayo pistoni nyingi na kulasi nyingi zimetengenezwa nayo, huyeyuka kwa digrii 660. Inayoiokoa ni maji ya radiateri na mafuta ya injini yanayoipoza kila sekunde. Radiateri ikiwa imeziba nusu, au maji ni yale ya mtoni yaliyojaza kutu, ulinzi huo unaondoka. Kulasi ya 1KZ inajulikana na mafundi wa dunia nzima kwamba ikichemka hupasuka haraka. Kwa hiyo shoferi wetu wa Ngomo hakuwa na mkosi. Alikuwa na visi.

Hapo tumezungumza mazuti. Kwenye esansi mambo yanageuka, na hapa ndipo wengi wanapotea.

Injini ya mazuti inaumia mafuta yakizidi. Injini ya esansi yenye turbo inaumia zaidi mafuta yakipungua. Ili kilo 1 ya esansi iungue sawasawa inahitaji kilo 14,7 za hewa. Lakini turbo inaposukuma kwa nguvu, watengenezaji huongeza esansi makusudi, mpaka kilo 1 inapata kama kilo 12 tu za hewa, kwa sababu esansi ile ya ziada inapoza chumba cha moto. Mwenye gari anayesema "fundi, nipunguzie esansi, gari inakunywa sana" anaweza kuwa anaomba pistoni itobolewe.

Kisha kuna cheche ya bujii. Cheche haitoki pistoni ikiwa juu kabisa. Inatoka kidogo kabla, ili moto upate muda wa kuenea. Ukiiwahisha kidogo gari inakuwa nyepesi. Ukiiwahisha kupita kiasi, hasa turbo ikiwa inasukuma, esansi iliyobaki pembeni inalipuka yenyewe kabla ya moto kuifikia. Unasikia mlio mkavu, kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Mlio huo ni nyundo juu ya pistoni. Gari ya esansi isiyo na turbo inaweza kugonga hivyo kwa miezi na kuendelea kutembea. Yenye turbo inaweza kufa ndani ya mlima mmoja.

Na sababu ya kugonga mara nyingi haiko kwenye gari. Iko kwenye bido.

Magari mengi tunayoendesha yalitumika kwanza Japani. Kule vituo vinauza esansi za aina mbili: ya kawaida, ambayo kwa sheria yao oktani zake hazishuki chini ya 89, na ya juu, ambayo hazishuki chini ya 96. Oktani ni kipimo cha uwezo wa esansi kuvumilia kubanwa bila kujilipukia. Magari kama Subaru Forester ya turbo yalitengenezewa ile ya juu. Mara nyingi hilo limeandikwa ndani ya kifuniko cha tangi, kwa Kijapani. Nani Uvira atasoma? Tunafungua kifuniko, tunamimina kilichopo, tunafunga.

Na kilichopo ni nini? Kila mtu anawajua akina Kadhafi wa pembeni mwa barabara, na chupa zao zinazong'aa kwa jua. Siwatukani. Ni vijana wanaotafuta maisha, na siku ambayo vituo vimefungwa ndio wanaotuokoa. Lakini chupa haina mtu wa kuipima. Kati ya pipa na chupa yako esansi imepita mikono mingi, na petroli ya taa ikiwa na bei ndogo, kishawishi cha kuichanganya ni kikubwa. Petroli hiyo ina oktani ndogo sana. Kidogo tu kinatosha kuifanya esansi ianze kugonga. Kwenye mazuti, maji na uchafu vinaua enjekta, na petroli inapunguza ulaini ambao pompi inautegemea, kwa sababu pompi nyingi za aina hii zinalainishwa na mazuti yenyewe.

Miaka hii ya karibuni, uhaba wa mafuta nchini Burundi umeongeza presha. Watu wamekuwa wakivuka kutoka Bujumbura kuja kutafuta esansi upande wetu, na bido zimekuwa bidhaa ya kuvusha mpaka. Mahali ambapo mafuta ni machache na wanunuzi ni wengi, hakuna anayeuliza ubora. Anayeuliza sana anarudi na bido tupu.

Sisi watu wa bonde la Ruzizi hatuhitaji kufundishwa kwamba esansi si maji. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, likawaka moto, na watu zaidi ya 200 wakafa. Wengine walikuwa wamekwenda kuchota. Nakumbusha jambo hilo kwa heshima, kwa sababu linaonyesha thamani ya lita moja katika maisha yetu. Mtu anayejua thamani hiyo anastahili kujua pia alichouziwa.

Tazama basi mnyororo ulivyo. Esansi imechanganywa, gari inaanza kugonga. Gari ya kisasa ina kihisio kinachousikia mlio huo, na kompyuta inachelewesha cheche ili kuilinda injini. Mwenye gari anahisi nguvu imepungua. Anakwenda garajini na kusema, "Fundi, gari iko nzito." Fundi hachunguzi esansi, anachunguza gari. Anaweza kukata waya wa kihisio, kuwahisha cheche, kupandisha presha ya turbo. Gari inakuwa nyepesi kwa siku nne. Siku ya tano iko juu ya mawe. Tumeigeuza gari nzima ili ifanane na chupa moja ya esansi mbaya. Ni kama mgonjwa aliyekunywa maji machafu, na badala ya kumpa maji safi tunamfunga mdomo asilalamike.

Najua majibu ya mafundi, na ni haki niyaseme. La kwanza: "Mteja ndiye anayetaka. Nikikataa, atavuka barabara kwenda kwa jirani." Ni kweli. La pili: "Gari yenye moto mdogo haipandi Ngomo na mzigo wa hapa." Pia kuna ukweli. Mwenye gari analipa kodi, vizuizi, matairi, na faida yake iko kwenye gunia la mwisho linalowekwa juu. Kiwanda hakikuifikiria Ngomo wala gunia hilo. La tatu: "Vifaa vya kupimia viko wapi?" Hilo ndilo lenye uzito kuliko yote. Vijana wengi wa garaji zetu wamejifunza kwa kutazama, wakishika taa na kupokea funguo kutoka kwa mkubwa wao. Masikio yao ni mazuri kuliko yangu na yako. Sitaki kumfanya fundi awe adui. Mara ngapi wametutoa porini usiku kwa kipande cha waya na sabuni!

Lakini sikio, hata likiwa zuri, haliwezi kusikia joto. Halisikii digrii 750 kwenye moshi. Halisikii kwamba Bukavu hewa imepungua. Ndiyo maana sikubali hoja kwamba umaskini wetu unatulazimisha kukisia. Umaskini ndio unaotukataza kukisia. Tajiri akiunguza kulasi ananunua nyingine. Mtu aliyeuza kiwanja ili anunue Hiace ya okazyoni hana kulasi ya pili.

Tena, mambo mengi ya kupima hayahitaji mashine za Ulaya. Gari ikipoteza nguvu, kwanza tazama filtri ya hewa. Baada ya vumbi la Luberizi na Luvungi, filtri peke yake inaweza kuinyima injini pumzi. Kisha tazama mipira inayopeleka hewa kutoka kwenye turbo. Ukipasuka mmoja, hata kidogo, hewa inatoroka na moshi mweusi unatokea bila mtu kugusa pompi. Kisha utando ule wa mpira juu ya pompi, filtri ya mazuti, enjekta. Visi ya pompi iwe ya mwisho kabisa, na siyo ya kwanza.

Ikilazimu kuizungusha, fundi aweke alama ya rangi mahali ilipokuwa, aandike kwenye daftari amezungusha kiasi gani, na asizidi robo ya mzunguko kwa mara moja. Mwenye gari abaki na karatasi hiyo. Leo gari ikihama kutoka garaji moja hadi nyingine hakuna anayejua mwenzake alifanya nini. Kila mmoja anaongeza juu ya alichoongeza wa kabla. Kisha gari ijaribiwe na mzigo, mlimani, fundi akiwa ndani. Anayejaribu gari Kavimvira peke yake amejaribu nusu tu.

Kipima joto cha moshi na kipima presha ya turbo ni vifaa vidogo, na garaji tano au sita zikichangia zinaweza kuwa navyo kwa zamu. Kwa magari ya kompyuta, kifaa cha kusoma makosa kinaunganishwa na simu. Mahali popote ambapo wasafirishaji wana chama, hilo ndilo jambo la kujadili kabla ya bendera na fulana za sherehe. Shule zetu za ufundi nazo ziwafundishe vijana turbo na pompi kwa vipimo, maana magari yenyewe yako barabarani tayari.

Shoferi naye ana sehemu yake. Ukianza kuona moshi mweusi mlimani, usikanyage zaidi. Rudisha gia chini na upunguze mguu, kwa sababu mguu wako ndio visi ya kwanza. Ukifika juu, usizime injini palepale. Iache itembee polepole dakika moja au mbili. Ukizima ghafla, mafuta yanaacha kufika kwenye turbo wakati yenyewe bado ina moto mkali, na yaliyobaki ndani yanaungua na kuwa mkaa. Dakika mbili za mazuti ni bei ndogo kuliko turbo.

Kwa upande wa serikali, Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, ina kazi ya kupima ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Mafuta yanayofika bandari ya Kalundu na yale yanayopita mpaka wa Kavimvira yapimwe, na matokeo yatangazwe redioni, kwa Kiswahili, kama inavyotangazwa bei ya unga. Na ukaguzi wa magari barabarani usiishie kwenye karatasi. Gari inayofunika mtaa mzima wa Mulongwe kwa moshi mweusi inaonekana na kila mtu, hata asiye na kofia ya askari. Watoto wanaotembea kwenda shule pembeni mwa barabara hiyo wanavuta yale ambayo injini ilishindwa kuyaunguza.

Kuna sababu magari ya mashirika yenye injini ya 1HZ yanatembea miaka na miaka katika barabara hizi hizi. Ile ni injini ya lita 4,2, silinda sita, bila turbo kutoka kiwandani. Haina mbio, lakini inavumilia. Ukichagua gari yenye turbo umechagua nguvu zaidi kutoka kwenye injini ndogo, na umekubali masharti yake: hewa safi, mafuta mazuri, vipimo, na subira. Si vibaya kuichagua. Vibaya ni kutaka nguvu zake na kukataa masharti.

Mzee yule tuliyemkalisha juu ya gunia alipata gari nyingine kuelekea saa nane. Mama wa mukeke aliuza samaki wake palepale kando ya barabara, kwa bei ya hasara, kwa watu waliopita. Hakumlaumu fundi, maana hamjui. Hakumlaumu shoferi, maana alimwona analia. Alifunga pesa kwenye kitambaa, akasema safari ijayo atapeleka ndagala kavu tu, haziozi.

Kwa hiyo, shoferi, safari ijayo ukisimama mbele ya fundi na kutaka kusema "ongeza moto kidogo," mkumbuke mama huyo. Sema badala yake: "Fundi, tupime kwanza."